Fungate Fes: Nyumba Inayotazama Ndani



Bibi harusi, ukipelekwa fungate Fes, Morocco, lala ndani ya mji wa kale, katika riad. Jina hilo asili yake ni bustani. Kwa nje utaona ukuta mtupu na mlango. Vyumba vyote vinatazama ua wa ndani wenye miti na maji. Ni ujenzi wa stara: wanawake wa nyumba walipata jua na upepo bila kuonekana na wapita njia. Sisi wa Mji Mkongwe ua huo tunaujua.

Wafaransa walipoitawala Morocco kuanzia 1912, walijenga mji mpya nje ya kuta. Matajiri wengi wakahamia huko, majumba yakachakaa. Mwaka 1981 UNESCO iliutia mji wa kale katika Urithi wa Dunia, na baadaye majumba mengi yakakarabatiwa kuwa nyumba za wageni. Ndiyo maana uliza kabla hujalipa: pombe inauzwa humo? Ua ni wa wageni wote? Ukuta umebaki, lakini stara sasa ni ya kuulizia.

Chakula, ngoja Ijumaa. Ndiyo siku ya kuskusi, ya mvuke, yenye nyama na mboga, huliwa baada ya sala. Nawe sali Qarawiyyin, msikiti unaosimuliwa kuwa ulianzishwa mwaka 859 na Fatima al-Fihri kwa mali aliyorithi kwa baba yake. Ukoo wake ulitoka Kairouan, Tunisia. Naye Fes alifika mgeni, akaacha nyumba ya Mwenyezi Mungu.