Kwa nini milango ya vyuo vya udaktari wa meno haifunguki sawa

Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne (KCSE) yanapotangazwa, familia nyingi za Malinya, eneo la Ikolomani katika Kaunti ya Kakamega, huanza kutafakari mustakabali wa watoto wao. Kwa anayetamani kuwa daktari wa meno, fumbo huwa moja: mbona mtahiniwa hukubaliwa katika chuo kimoja na kukataliwa katika kingine, ilhali alama zake ni zile zile?

Sababu ya kwanza ni uhaba wa nafasi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufunza taaluma hii mwaka wa 1974. Baadaye Chuo Kikuu cha Moi, mjini Eldoret, ambako ni karibu zaidi na Malinya, nacho kilianzisha shule yake. Shule ya meno haiwezi kujaza wanafunzi ukumbini kama kozi nyinginezo. Kila mmoja huhitaji kiti cha matibabu, vifaa, mhadhiri wa kumsimamia na wagonjwa wa kutosha, ili ang'oe na kuziba meno kwa idadi inayotakiwa kabla ya kufuzu. Penye viti vichache, wanaochukuliwa ni wachache.

Sababu ya pili ni ushindani. Shirika la KUCCPS, lililochukua mahali pa Bodi ya Pamoja ya Uteuzi (JAB) kufuatia Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, hutumia alama za kundi la masomo manne, zisizozidi 48. Alama ya mwisho ya kukubaliwa ni ile aliyopata mtahiniwa wa mwisho kuteuliwa. Hivyo basi, alama hiyo hupanda pale waombaji wanapofurika na kushuka wanapopungua. Chuo chenye alama ya chini si lazima kiwe duni.

Fauka ya hayo, kuna fedha. Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha mpango wa masomo sambamba mwaka wa 1998, baadhi ya waliokosa nafasi za serikali kwa pointi chache waliweza kujiunga kwa kulipa karo kamili. Mlango huo ulikuwa mpana kwa mwenye mali na mwembamba kwa mwana wa mkulima.

Katika nchi jirani, Muhimbili jijini Dar es Salaam na Makerere jijini Kampala hutumia mitihani ya kidato cha sita kama kipimo cha kawaida, hivyo mwenye KCSE hulazimika kuthibitisha kwamba sifa zake zinalingana nacho. Baadhi ya vyuo vya ng'ambo navyo hupokea wageni kwa urahisi kwa kuwa huhitaji karo yao.

Hata hivyo, wepesi wa kuingia si wepesi wa kufanya kazi. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) huwatahini waliosomea ng'ambo kabla ya kuwaruhusu kuanza mafunzo ya kazini. Anayeshindwa hubaki na shahada asiyoweza kuitumia nchini.

Kwa hivyo, kabla ya mzazi kuuza ng'ombe au kipande cha shamba, ni busara kuuliza Baraza hilo iwapo chuo kinatambuliwa. Majuto ni mjukuu.