Mume Akimwuzia Mkewe Nyumba

Mwaka 1694 Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, na fedha za Mfalme William wa Tatu zilikuwa hazitoshi. Bunge likatunga sheria kwamba hati nyingi, zikiwamo za nyumba na mashamba, ziandikwe juu ya karatasi au ngozi iliyopigwa muhuri wa serikali, na muhuri huo ulipiwe. Ushuru ule uliwekwa kwa miaka minne tu. Vita vilikwisha, ushuru haukwisha.

Mke wa Kiingereza zama hizo hakupata taabu ya kuulipa kwa kununua nyumba ya mumewe, maana hakuweza kuinunua. Sheria iliwahesabu mume na mke kuwa mtu mmoja, naye mtu huyo alikuwa mume; na mtu hawezi kujiuzia mali yake mwenyewe. Matajiri walikuwa na njia ya kuwawekea binti zao mali mikononi mwa wadhamini, lakini mke wa fundi au wa mchuuzi angeipata wapi? Waama, mwanamke wa Kiislamu wa Mombasa, kwa sheria ya dini yake, alimiliki mali yake ingawa ameolewa, ilhali mwenzake wa London hakuruhusiwa.

Kifungo hicho kilivunjwa na sheria ya mwaka 1882, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1883. Mke akapata kumiliki, kununua na kuuza kwa jina lake. Basi mtoza ushuru naye akamwona! Tangu 1910 hata nyumba aliyopewa bure ilitozwa kwa thamani yake, kana kwamba imeuzwa, na desturi hiyo ilidumu hadi 1985.

Siku hizi Uingereza haitozi zawadi, bali hutazama deni. Mathalani, mume mwenye deni la nyumba la pauni 300,000 akimpa mkewe nusu ya nyumba pamoja na nusu ya deni, zile pauni 150,000 huhesabiwa kuwa bei. Lakini wakitalikiana, nyumba ikagawanywa kwa amri ya mahakama, hawatozwi kitu. Ujerumani imewasamehe wote, walio pamoja na walioachana, na kwa maoni yangu ndiyo iliyofanya haki.

Sheria ile ya 1882 ilivuka bahari pia. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba inatumika hapa kwetu, nayo ikaendelea kutumika mpaka Bunge letu lilipotunga Sheria ya Mali ya Wanandoa mwaka 2013.