Kifimbo cha Dunbar Mjini Berlin

Ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi vijana mliopo shuleni sasa, historia ya Vita Kuu ya Pili tulifundishwa kwa majina ya majenerali. Lipo tukio moja la mwaka 1945 ambalo shujaa wake hakushika bunduki. Alishika kifimbo cha kuongozea muziki.

Rudolph Dunbar alizaliwa Guyana, iliyokuwa koloni la Uingereza. Alianza muziki angali kijana mdogo katika bendi ya wanamgambo wa kwao, akasoma New York na Paris, kisha akahamia London. Huko alisifika kwa kupiga klarineti, na mwaka 1939 alitoa kitabu cha kufundishia chombo hicho. Mwaka 1942 aliiongoza London Philharmonic katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Baadaye alifuatana na majeshi ya Washirika akiwa mwandishi wa habari za vita.

Tukumbuke hali ya Ujerumani wakati huo. Mwaka 1938 wafuasi wa Hitler walifanya maonyesho mjini Düsseldorf ya kuukashifu muziki wasioutaka, na tangazo lake lilimdhihaki mpiga saksafoni mweusi. Januari 1944 ukumbi wa okestra ya Berlin Philharmonic uliteketezwa kwa mabomu. Vita vilipokwisha Ulaya, Mei 1945, kiongozi wake mpya, Leo Borchard, aliwakusanya wapigaji waliosalia, wakawa wanapiga katika jumba la sinema la Titania-Palast. Borchard ndiye aliyemwalika Dunbar. Lakini tarehe 23 Agosti askari wa Kimarekani alimpiga risasi kwa bahati mbaya kwenye kizuizi cha barabarani, akafa.

Mwaliko haukufa naye. Tarehe 2 Septemba 1945, siku ileile Japani ilipotia saini hati ya kusalimu amri, Dunbar alisimama mbele ya okestra hiyo. Yasemekana walikuwapo Wajerumani 2,000 na askari wa Washirika 500. Pamoja na Weber na Tchaikovsky waliozoeleka, alichagua Afro-American Symphony ya William Grant Still, Mmarekani mweusi aliyekuwa hai, mwenye umri wa miaka 50. Kazi hiyo imejengwa juu ya bluzi, na banjo imo. Wapigaji walioambiwa na serikali yao kwa miaka 12 kwamba muziki wa watu weusi ni takataka, siku hiyo waliupiga wakifuata mkono wa mtu mweusi.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Lakini lazima awepo wa kuivika. Still alimpata Howard Hanson, aliyeipiga simfoni hiyo mara ya kwanza Rochester mwaka 1931. Dunbar alimpata Borchard. Tena pete ya siku moja haitoshi: Dunbar aliongoza Hollywood Bowl mwaka 1946, Poland mwaka 1959 na Urusi ya Kisovieti mwaka 1964, ila Uingereza, alikoishi hadi kufa mwaka 1988, nafasi zilizidi kupungua.

Basi, ndugu zangu tulio maofisini, tunaoandika barua za uteuzi na kupanga safu za watumishi, tuwape vijana nafasi, tena tusiwaache baada ya makofi ya kwanza. Nanyi vijana, Dunbar alipoitwa alikuwa tayari. Jitayarisheni.