Katizo na Kompyuta Pepe

Katizo ni ishara inayoilazimu prosesa kuacha kazi iliyo nayo ihudumie kifaa fulani. Duka la pembejeo mjini Kitale likituma hesabu za mbolea kwenye seva ya kukodi, kila pakiti ikifika huko huweza kuzua katizo, na kiini cha mfumo endeshi hulipokea.

Ugumu ulikuja mashine moja ilipogawanywa kuwa kompyuta pepe kadhaa, kila moja ikiendesha mfumo wake, uitwao mgeni. Mfumo wa CP-40 wa IBM, ulioanza kazi mwaka 1967, uliweza kubeba kompyuta pepe 14. Katizo likija, ni la nani? Prosesa za Intel zilikuwa korofi zaidi: amri ya POPF, inayoweza kuruhusu au kuzuia makatizo, ilipuuzwa kimyakimya ikitolewa na mgeni asiye na mamlaka. Programu ya VMware ilitafsiri amri za aina hiyo kuwa amri salama mwaka 1999. Programu ya Xen (2003) iliubadilisha mfumo mgeni wenyewe. Msaada wa maunzi kwa kompyuta pepe ulifika 2005, na programu ya KVM inayoutumia ikaingia Linux 2007, ndiyo maana mwanafunzi wa Bungoma mwenye kipakatalishi cha kawaida huendesha mifumo miwili kwa pamoja. Baadaye Intel iliwezesha katizo kumfikia mgeni moja kwa moja, bila kumsimamisha.