Kodi Ilipoutangulia Ujira

Mwenye kuchungua asili ya maneno yetu ya kazi ataona kwamba kila neno limehifadhi namna ya kulipwa. Mshahara tumeupata katika Kiarabu, ambamo shahri ni mwezi, na kwa sababu hiyo mtu wa kutwa hakuwa na mshahara bali ujira. Na kibarua, kabla hajawa mtu, alikuwa karatasi, barua ndogo aliyopewa mfanyakazi asubuhi ili airudishe apate haki yake. Posho nayo ilikuwa chakula cha wapagazi wa misafara, au nguo ya kubadilishana na chakula njiani, wala haikuhesabiwa kuwa malipo, kwani mzigo haubebwi kwa njaa.

Kodi ilitujia kinyumenyume. Wadachi walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa kila nyumba ya shamba, hawakumwuliza mwenyewe amechuma nini. Waliitoza nyumba, naye, kwa kuwa rupia hana, ilimlazimu azifuate kule zilikokuwa, yaani katika mashamba ya walowezi. Hivyo kodi ndiyo iliyouzaa ujira, na wakubwa wale hawakulificha kusudi lao. Huko Usambara ikaongezwa kadi ya kazi, kipande, iliyomdai mtu mzima siku 30 za kumtumikia mlowezi. Waingereza nao waliposhika Tanganyika waliendelea kutoza nyumba, wakatoza na vichwa. Na kipande cha siku 30 kikadumu katika mashamba ya mkonge, kikihesabu siku za kazi tu, hata manamba, yaani mfanyakazi wa mkataba, aliyelala kambini siku 5 kwa homa hakuwa ametimiza mwezi wake, ijapokuwa mwezi wa mbinguni umekwisha kuandama.

Kodi ya mapato, ambayo hupima alichopata mtu, iliwekwa Tanganyika mwaka 1940, wakati wa vita. Ile ya kichwa haikufa upesi. Ilikwenda na kurudi, na kwa jina zuri la kodi ya maendeleo ilifika hadi mwaka 2003 ndipo ikafutwa.

Sasa ujira hutangulia, kodi ikaufuata. Tuseme karani wa kampuni binafsi ya Tanzania Bara ana mshahara wa shilingi 500,000. Kwanza hutolewa asilimia 10 ya hifadhi ya jamii, zikabaki 450,000. Katika hizo, kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2021, 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu, na 180,000 zilizosalia hutozwa asilimia 8, ndiyo shilingi 14,400. Malipo ya saa za ziada, bonasi na aghalabu ya marupurupu hujumlishwa humo humo.

Na posho? Chini ya sheria ya mwaka 2004, wali uliopikwa jikoni mwa mwajiri kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi, wakaulia hapo hapo kazini, hauna kodi. Bali posho ya chakula ikitiwa mkononi kwa shilingi, hutozwa.