Masika Kuchelewa: Mkulima Amekosea, au Kipimo?

Tafiti nyingi za tabianchi humuuliza mkulima iwapo mvua imepungua, kisha hulilinganisha jibu lake na jumla ya milimita za mwaka. Yakipishana, mkulima ndiye huhesabiwa kuwa amekosea. Wapo pia wanaolipokea kila neno la mzee kuwa elimu asilia isiyohojiwa. Sikubaliani na kambi yoyote kati ya hizi.

Kwamba misimu imevurugika hakuna anayebisha. Sehemu kubwa ya Kenya ilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo, tangu vuli ya 2020 hadi ile ya 2022. Vuli ya 2023 ikaleta mafuriko. Ubishi uko katika kuyasoma maneno ya wakulima wa ng'ambo ya bandari ya Kilindini, Mombasa, kuanzia Mtongwe na Likoni hadi Kwale.

La kwanza wanalolalamikia ni kwamba masika yamechelewa. Yamechelewa kwa hesabu ipi? Wakulima na mabaharia wa Pwani walihesabu majira kwa Nairuzi: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Jumla ni siku 365, bila mwaka mrefu. Kwa hiyo Siku ya Mwaka, yaani siku ya kwanza ya Nairuzi, hurudi nyuma siku moja kila miaka minne ikilinganishwa na jua. Katika miaka ya 1870 iliangukia mwishoni mwa Agosti. Leo Makunduchi, Unguja, huiadhimisha Julai. Mvua isiyobadilika hata kidogo ingeonekana, kwa hesabu ya miongo, kuchelewa siku 15 katika miaka 60. Mjukuu aliyeusiwa na babu yake apande katika mwongo fulani atangoja wiki mbili, kisha atailaumu mbingu.

Nitaambiwa kwamba vijana hawaijui miongo. Ni kweli, lakini wasia wa majira hudumu hata hesabu yake ikisahauliwa.

Lalamiko la pili halielezeki hivyo: mvua hunyesha, mbegu ikaota, kisha jua likawaka wiki tatu. Hapa namwamini mkulima kuliko jumla ya mwaka. Milimita 200 zikimwagika kwa siku tatu, rekodi ya mwezi itapendeza huku mahindi yamekauka. Na ni mahindi hasa. Mtama na muhogo vingevumilia. Sehemu ya kile tunachokiita mabadiliko ya tabianchi huenda ni mabadiliko ya zao, ingawa watetezi wa mbegu mpya hawapendi kulisikia hilo.

Anayerudi kupanda muhogo, basi, asiandikwe kuwa ameshindwa na kilimo cha kisasa. Na watafiti waache kuuliza kama mvua imepungua. Wamuulize mkulima amerudia kupanda mara ngapi msimu huu, na tarehe zipi, kisha wazilinganishe na mvua ya siku moja moja iliyorekodiwa katika kituo cha uwanja wa ndege wa Moi.