Seli za neva zitoazo homoni katika samaki

Seli za neva zitoazo homoni ni seli za neva ambazo humwaga homoni katika damu badala ya kupeleka ujumbe kwa seli jirani tu. Katika samaki, nyingi ziko kwenye haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, na nyuzi zake hushuka hadi tezi ya pituitari. Kundi lingine liko karibu na mkia, mwishoni mwa uti wa mgongo.

Mwaka 1928 Mjerumani Ernst Scharrer alizieleza seli hizo katika ubongo wa Phoxinus, samaki mdogo wa maji baridi wa Ulaya. Aliona ndani yake chembechembe kama za tezi, akasema kwamba neva pia huweza kutoa homoni. Wengi walimpinga kwa miaka mingi. Wengine walidai chembechembe zile ni dalili ya seli inayokufa. Ubishi haukuweza kwisha kwa darubini peke yake, kwani darubini huonyesha umbo, si kazi.

Mwaka 1964 Eric Kandel, Mmarekani mzaliwa wa Vienna, alichapisha vipimo vya umeme vya seli hizo katika samaki wa dhahabu. (Tuzo ya Nobel aliyopata mwaka 2000 ilihusu kumbukumbu, hasa kwa utafiti wa konokono wa bahari.) Alichoma seli mojamoja kwa elektrodi ya kioo yenye ncha nyembamba mno. Ili ajue kwamba ndiyo seli aliyoitafuta, alisisimua nyuzi upande wa pituitari, na msukumo ukarudi nyuma hadi kwenye seli. Ilipotulia, ndani yake palikuwa hasi kwa takriban milivolti 50 kuliko nje. Iliposisimuliwa ilitoa msukumo kamili wa umeme, tena ilipokea ishara za kuichochea na za kuizuia. Kwa hiyo ni neva halisi, ingawa inafanya kazi ya tezi.

Msukumo ukifika mwisho wa uzi, ioni za kalisi huingia, na vifuko vya homoni humwaga vilivyomo. Homoni za samaki zitokazo kwa njia hii ni pamoja na isotosini na vasotosini.

Katika Astatotilapia burtoni, samaki wa Ziwa Tanganyika, utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba seli zinazoongoza uzazi zimeunganishwa zenyewe kwa umeme, hivyo huweza kusisimka pamoja. Kwa dume anayemiliki eneo lake, seli hizo ni kubwa kuliko za dume aliye chini yake.